Makengeza yaliyoanza ghafla kwa mtoto wa miaka 4
Dada, kwa kuwa jicho la mwanao limeanza kupinda kuelekea puani wiki hii tu, usianzie dukani kwa miwani. Kichanga wa chini ya miezi 4 macho yake hupishana mara mojamoja na kujirekebisha. Kwa mtoto mkubwa ni jambo jingine kabisa. Funika jicho lililo sawa, mshike kichwa kisigeuke, kisha sogeza kidoli taratibu kuelekea sikio la upande wa jicho lililopinda. Jicho likikwama katikati, huenda neva ya sita (mshipa wa fahamu unaolivuta jicho kwenda nje) imelemewa, wakati mwingine na shinikizo ndani ya kichwa. Hapo nendeni hospitali leo hii. Vivyo hivyo akitapika asubuhi, akiumwa kichwa, akiyumba, kope ikilegea au mboni zikitofautiana ukubwa. Jicho likisogea vizuri, bado aonwe ndani ya siku chache.