Kamera ya kopo: ukungu, tundu na watu waliotoweka

Nimetoboa kwa sindano ndogo kabisa, mbona picha imezidi ukungu?

Kamera hii ni kopo lisilopitisha mwanga, lenye karatasi ya picha ndani na tundu badala ya lenzi; nawe umelipunguza tundu kupita kiasi. Tundu kubwa hufanya kila nukta ya kitu unachopiga ianguke karatasini kama doa pana. Likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika ukipita na doa hupanuka tena. Pima umbali wa tundu hadi karatasi kwa milimita, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 25. Kopo la maziwa lenye kipenyo cha milimita 100 linataka tundu la 0.4.

Tumia bati la kopo la soda. Libonyeze kwa sindano juu ya kadibodi bila kulitoboa, ligeuze, sugua kivimbe kwa msasa namba 600, rudia mpaka mwanga upenye. Usitoboe kwa pigo moja: kingo zilizochanika huharibu picha kuliko tundu lililozidi kidogo. Kupima tundu, pitisha bati kwenye skana: kwa nukta 1200 kwa inchi, milimita 0.4 ni nukta 19 hivi.

Tundu ni sahihi, ila mashua hazitoki vizuri.

Tundu hilo ni f/250, yaani umbali hadi karatasi ni mara 250 ya kipenyo chake. Karatasi ya picha, yenye kasi ya kupokea mwanga ya kama ISO 6, inahitaji sekunde 40 hivi kwenye jua kali, na mashua inayoelea haitulii muda huo. Ngojea maji yapwe zikalie mchanga. Nenda alasiri, asubuhi jua la Bagamoyo hutokea baharini na kuingia moja kwa moja tunduni. Kopo likandamize kwa mfuko wa mchanga. Ziba tundu kwa kadi, bandua utepe unaofunika tundu, tulia kidogo, ndipo uondoe kadi.

Nimepiga soko la samaki saa tano, hakuna mtu hata mmoja!

Walikuwepo, wakitembea. Anayepita sekunde mbili haachi alama. Mwombe mmoja asimame nusu ya muda: atatoka kama kivuli, ukuta ukionekana kupitia kifuani. Simu haikupi hilo kirahisi.

Kuta za Caravan Serai, jengo la kale la misafara Bagamoyo, zimepinda.

Ni karatasi iliyojikunja ndani ya kopo. Mistari ya wima hubaki wima. Ya mlalo iliyo juu au chini ya usawa wa tundu ndiyo hupinda. Boksi lenye mgongo bapa litainyoosha, lakini kona zitakuwa na giza. Sisi tungeacha ipinde. Huko Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, lisogeze kopo hadi sentimita 15 kutoka kaburi la nguzo: nguzo itasimama wima, ukuta uizunguke.