Kaka aliyeumia ubongo: je, nyumba ndogo ya matunzo itamfaa?

Pole sana, dada. Umeuliza kama kaka yako, aliyeumia kichwa ajalini, ataweza kuishi kwenye nyumba ya matunzo yenye wakazi wachache. Kwa kuwa anasahau na kelele zinamchosha, naona itamfaa kuliko kituo kikubwa: sura ni zilezile, ratiba haibadiliki ovyo.

Ila udogo wa nyumba pekee hautoshi. Nenda jioni, wahudumu wakiwa wamechoka, uone wanavyozungumza na wakazi. Waulize wanafanya nini mtu akipandwa na hasira. Tena, sehemu ya mbele ya ubongo ikijeruhiwa, mtu anaweza kukaa kutwa bila kuanzisha jambo lolote, na asiyejua humwita mvivu. Mhudumu mzuri humkumbusha hatua mojamoja, kisha humwacha avae mwenyewe hata akichelewa. Wakimfanyia kila kitu, atapoteza hata anachokiweza sasa. Hapo mimi ningekataa kabisa.

Usiku nani yuko macho? Kifafa huweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya jeraha, kwa hiyo lazima wajue la kufanya. Na kabla hujasaini chochote, kaka alale huko siku chache, kisha umsikilize yeye mwenyewe.