Simama hapo hapo: niliyojifunza kuangalia ndege wa bahari kwenye safari ndefu ya meli

Watu wakisikia nilikaa wiki kadhaa kwenye meli ya utalii, kuanzia Ushuaia kule kusini kabisa mwa Argentina mpaka kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, swali la kwanza huwa ni lile lile: sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa nimesimama. Yaani kusimama tu kwenye deki, darubini shingoni, macho kwenye maji, kwa hiyo na wewe kama unataka ndege wa bahari jiandae kwa kazi hiyo hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbia. Mtu akipiga kelele nyuma nakimbilia nyuma, nikifika ndege keshapita, halafu nasikia kelele mbele. Siku ya tatu nikachoka nikachagua sehemu moja nikakaa, na ndipo nikaanza kuona vitu. Deki iliyo wazi ya chini kabisa unayoruhusiwa ndio bora, maana ukiwa juu sana ndege wanakuwa vidoa vidogo tu. Kaa upande wa demani usipigwe na upepo, jua liwe mgongoni. Tezini, yaani nyuma ya meli, utawapata wale wanaofuata meli kama albatrosi wakubwa, ila ndege wengine wa bahari kama prioni na petreli wengi wanaikwepa meli, hao utawaona ukiwa omoni, yaani mbele, wanatawanyika mbele yako.

Halafu kuna hili la saa, nacheka mpaka leo. Waongozaji wanaelekeza kwa uso wa saa, omo ni kwenye kumi na mbili, kulia ni tatu, tezi ni sita. Sasa wakitaja saa mbili ya Kizungu, akili yangu bila kuiomba inatafsiri: saa nane hiyo! Nageukia kwenye nane, kushoto nyuma huko, kumbe ndege yuko mbele kulia. Nilikosa albatrosi wawili kwa ajili ya Kiswahili changu. Angalia namba iliyoandikwa kwenye saa, usitafsiri.

Darubini chukua ya 8x42 au 8x32 (8 ni mara inazokuza, namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Mi nilienda na ya mara 10 nikajiona mjanja, lakini meli ikiyumba kila kitu kinatetemeka na ndege unampoteza. Na chumvi! Usifute lenzi na tisheti jamani, chumvi ikikauka ni kama mchanga, yangu ina mikwaruzo mpaka sasa. Mwagia maji ya kawaida yasiyo na chumvi kwanza (kama darubini yako haipitishi maji) ndio ufute. Dawa ya kichefuchefu meza kabla bahari haijachafuka, ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa.

Kamera sina ugomvi nayo, ila siku za mwanzo iache kebini. Ndege wa bahari unamjua kwa jinsi anavyoruka kabla hujaona rangi. Albatrosi anayeitwa msafiri mabawa yake yakitanuliwa yanaweza kufika mita 3 na nusu, na anaweza kukaa hewani muda mrefu bila kupiga bawa hata moja, anashuka na upepo mpaka karibu na wimbi, anageuka, anapanda tena, upepo unamfanyia kazi yote. Sasa mlinganishe na petreli wa Wilson, kadogo keusi kenye kiuno cheupe, kananing'iniza miguu kama kanatembea juu ya maji, na inasemekana jina petreli lilitokana na mtume Petro kwa sababu hiyo hiyo. Ukishazoea miruko miwili mitatu hivi, wengine wanakuja wenyewe.

Usiku funga pazia la kebini. Meli ikikaribia visiwa, petreli wadogo na prioni wanavutwa na taa wanaanguka dekini, na wengi wao wakiwa chini hawawezi kuruka tena kirahisi. Ukimkuta mmoja usimrushe tu baharini, waite wafanyakazi, kwa kawaida wanamweka kwenye boksi lenye giza akauke kwanza.

Kuna siku zitakuwa tupu kabisa, nisikudanganye. Maji baridi ya kusini yana chakula kingi na ndege ni wengi mno, ila ukipita visiwa vya Tristan da Cunha ukielekea kwenye joto unaweza kukaa masaa matatu huoni kitu zaidi ya samaki panzi. Wenzangu wengi waliingia ndani siku hizo. Mi nilibaki, na mchana mmoja akaja ndege wa bahari aitwaye bubi akakaa juu ya omo letu, kila panzi akiruka kwa kuogopa meli naye anajirusha, mpaka jioni. Watu walikuwa ndani wanacheza karata.

Visiwani hesabu inabadilika, unaweza kuona ndege wa nchi kavu wa aina mbili tu siku nzima lakini hawapo popote pengine duniani. South Georgia kuna pipiti wake, ndege pekee mwimbaji wa ukanda wa Antaktika, ambaye panya nusura wammalize mpaka walipoangamizwa na kisiwa kutangazwa mwaka 2018 kuwa hakina panya tena. Ndio maana kabla ya kushuka wanakukagua buti, mifuko na velkro kwa kibano wakitafuta mbegu. Usinung'unike. Kule kisiwa cha Gough panya wadogo wa kawaida wanakula makinda ya albatrosi wa Tristan wakiwa hai, walijaribu kuwamaliza 2021 na mwaka huo huo panya akaonekana tena. Gough watalii hatushuki, tuliishia kuangalia kutoka majini.

Kisiwa cha Inaccessible ndiko anakoishi ndege mdogo kuliko wote duniani wasioruka, na ni hapo tu. Sikumwona, nilimsikia kwenye majani marefu, nimeridhika nusu. Usiweke moyo wote kwenye kisiwa kimoja maana mawimbi ndiyo yanaamua kama mtashuka.

Kisiwa cha Mtakatifu Helena ni rahisi zaidi, yule ndege wao wa nchi kavu aitwaye kiluwiluwi, mwenye miguu myembamba kama waya nilimkuta uwanda wa Deadwood anakimbia kidogo, anasimama, anakimbia tena. Nenda asubuhi, tembea polepole.

Ascension tafuta frigeti, ndege wa bahari wa pale pale. Paka waliwafukuza kisiwa kikubwa wakabaki kwenye mwamba wa pembeni, paka wakaondolewa, na 2012 wakaanza tena kutaga kisiwani. Ila buabua weusi-weupe, ndege wengine wa bahari, uliza kabla, wao hutaga kila baada ya miezi kama 10, kwa hiyo mwezi wa mwaka huu sio wa mwakani. Mi niliwakuta wamejaa, kelele nilizisikia kabla sijawaona, na harufu ndio usiseme.