Shangazi, naona aibu kuogeshwa na wifi yangu

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 47, kifungua mimba kwetu. Wiki 3 zilizopita nilifunguliwa tumbo kuondolewa kizazi. Nilipanga baada ya wiki 2 niwe nimerudi kazini, lakini hadi leo nikisimama kidogo nashikwa na kizunguzungu. Mdogo wangu niliyemsomesha hadi chuo amepiga simu mara 2 tu. Anayeniuguza ni mke wa kitinda mimba wetu, ambaye hatukuwa na mazoea. Akiniogesha nafumba macho kwa aibu. Usiku naamka kimyakimya naosha vyombo. Juzi nilinyanyua ndoo ya maji, nikaumia hadi nikalia. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hiyo ndoo, maana imenitia hofu. Hizo wiki 2 alikupa nani? Aliyefunguliwa tumbo kama wewe kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8, na muda wote huo habebi kitu kizito. Ngozi huwahi kufunga, ndani bado kunaunga. Kovu huongeza nguvu kwa miezi, na hata likikomaa hufikia kama asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya mwanzo. Mwili wako haujachelewa popote. Tembeatembea humo ndani, kwani kulala kutwa nako huweza kugandisha damu miguuni. Kizunguzungu mwambie daktari akupime damu. Na maumivu ya juzi yakiendelea, au ukiona homa, usaha, damu nyingi au mguu mmoja umevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mdogo wako. Barua yako nimeifupisha, lakini nilihesabu: yeye umemtaja mara 7, wifi yako mara 2. Una haki ya kuumia. Mpigie umwambie waziwazi, "Nilitamani uje." Asipokuja hata baada ya hapo, utaumia tena, sitakudanganya. Ila usikae ukimtazamia mlangoni, na aliyekuja amesimama nyuma yako ameshika taulo.

Mimi niliwahi kuvunjika mkono wa kulia, mkwe wangu akawa ananichana nywele. Nilimsumbua! "Si hivyo, anzia huku, taratibu." Siku ya nne akashusha kitana, akaniuliza, "Mama, niache?" Nikanyamaza. Akaendelea, na hapo ndipo nilipohisi kwamba kila fungu la nywele alilishika kwanza kwenye shina, ndipo akachana, ili nisivutike kichwa. Kumbe alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya kwanza. Sikuhisi, kwa vile nilikuwa nimeshughulika na haya zangu.

Najua kwa kifungua mimba hili ni gumu. Umezoea kuulizwa "tufanyeje?", hujazoea kuulizwa "unaumwa wapi?" Lakini wifi yako hakuja kuangalia kama bado una nguvu. Amekuja kukuogesha.

Kesho fumbua macho. Mwambie kama maji yamepoa, mwonyeshe pa kusugua mgongoni. Akimaliza sema ahsante, usiitangulize na "samahani nakusumbua." Muulize na yeye ameamkaje. Na vyombo vya usiku vilale hivyohivyo hadi asubuhi.