Kurudi kazini serikalini: hatua yako ya zamani haikusubiri

SWALI: Naishi Maryland. Mwaka 2017 niliacha kazi katika idara ya serikali kuu ya Marekani nikiwa GS-9 hatua ya 2 (daraja la 9 katika GS, jedwali kuu la mishahara ya serikali hiyo), nikalee watoto. Mwezi uliopita nimerudi, idara nyingine, nikapewa GS-7 hatua ya 1. Mtu wa kwetu anasema kwa sheria ni lazima wanirudishie mshahara wangu, na kwa ada ataniandikia barua ya madai. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, dada. Barua za aina hiyo tunazipokea kila mara, zimejaa vifungu vya sheria, na zote zinasimama juu ya hilo "lazima" ambalo kanuni haina.

Kanuni ya mshahara wa juu wa awali ("highest previous rate") inasema idara inaweza kuutumia mshahara wako wa zamani kukupangia hatua, siyo lazima. Inaweka kikomo cha juu, basi. Tupige hesabu yako. Unachukuliwa mshahara wa msingi wa GS-9 hatua ya 2, bila nyongeza inayolipwa kulingana na eneo la kazi, unalinganishwa na jedwali la GS-7 la wakati ule ulipoupata, siyo la leo. Inatafutwa hatua ya chini kabisa inayoufikia au kuupita. Ya 8 inapelea, ya 9 inatosha. Ndipo linafunguliwa jedwali la sasa, GS-7 hatua ya 9. Wakikuweka popote kati ya 1 na 9, hawajavunja kanuni.

Naelewa kinachouma. Kupanda kutoka 1 hadi 9 kwa nyongeza za kawaida ni miaka 15.

Kinachoweza kukuokoa ni sera ya idara yako, au mkataba wa chama cha wafanyakazi. Zipo idara zilizojifunga kwa maandishi kumpa anayerudi hatua ya juu kabisa anayostahili. Kama yako ni mojawapo na walikuruka, hilo ni kosa, linarekebishwa pamoja na malimbikizo, na muda wa kudai ni miaka 6. Andikia ofisi ya utumishi mistari miwili: sera ya kupanga mshahara wa wanaorudi ikoje, na faili langu lilipimwa kwa sera hiyo? Ambatisha fomu SF-50 (taarifa rasmi ya mabadiliko ya ajira au mshahara) ya nyongeza yako ya mwisho, siyo ile ya kuacha kazi: kisanduku cha 18 kina daraja, 19 hatua, 20A mshahara wa msingi. Ukiikosa, iombe ofisi ya utumishi ya idara yako, kwani faili la aliyerudi kazini huhamishiwa huko. Ni bure, na bado kuna watu wanawauzia wenzao huduma hiyo!

Haohao ndio wanaowaambia watu "saini kwanza, mshahara tutaupigania ukiwa ndani". Hatua ya juu kwa sababu ya sifa za kipekee huidhinishwa kabla ya siku ya kwanza kazini; ukisharipoti, mlango huo umefungwa. Na wastaafu ndio wanaoliwa zaidi. Wanaahidiwa kwamba wakirudi watapokea pensheni na mshahara kamili. Kwa kawaida pensheni inaendelea, lakini kiasi chake kinakatwa kwenye mshahara, isipokuwa idara iwe imepata msamaha rasmi kwa nafasi hiyo. Msamaha huo huombwa na idara yenyewe. Hakuna mwandishi wa barua anayeweza kukuombea.