Hofu ya kutochaguliwa na Mungu
Dada yangu wa Mpwapwa, umeuliza kusali kuna maana gani ikiwa Mungu amekwisha kujua nani ataokoka, na naona hofu yako hasa ni kwamba huenda hukuchaguliwa. Kuhusu Warumi 8:29, panaposema kwamba wale Mungu aliowajua tangu asili aliwachagua pia, wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, husema Mungu aliiona imani ya watu kabla, ilhali Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa uliowapinga, ilifundisha kwamba imani yenyewe ni tunda la uteuzi, yaani la Mungu kumchagua mtu. Pande zote mbili huwahimiza watu kusali, basi usiache. Mimi ningeanza na Yohana 6:37, ambapo Yesu anaahidi kutomtupa nje kamwe yeyote ajaye kwake. Hofu ikikunyima usingizi, mwone mchungaji wako, na daktari pia, mapema.