Nadharia moja ya malezi ina mizizi hapa kwetu

Dada, umeuliza kama nadharia za ukuaji wa binadamu ni za Wazungu tu, hazituhusu sisi wa Uganda. Hapana, moja, ile ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake (attachment), ina mizizi hapa hapa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Kampala, akawa anatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, akiwatazama watoto wachanga 28 na mama zao. Hakuwaita maabara, aliwafuata majumbani, kila baada ya wiki mbili hivi, pamoja na mkalimani. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa mbali kidogo, anageuka kumtazama mama, kisha anarudi kwake kupata utulivu. Na watoto waliotulia zaidi, mama zao walikuwa wepesi kutambua wanachohitaji. Kipimo chake mashuhuri cha Baltimore, Marekani, cha kutazama mtoto anafanya nini mama akitoka chumbani na kurudi, kilikuja baadaye. Kitabu cha Uganda kilitoka 1967.

Hatua nane za ukuaji za mwanasaikolojia Erikson, toka uchanga hadi uzee, zina faida pia, ila anza na hii. Unapoisoma, mkumbuke jajja (bibi), shangazi na dada mkubwa: kwetu nao hulea, na naona wanafunzi wengi wanawasahau wakiandika habari za mama peke yake.